Kopo la Kimbo na Pesa ya 1888: Kilichookotwa Taru ni cha Nani?

Mzee alilifungua kopo la Kimbo kwa ncha ya kijiko, akapekua misumari, vifungo vya shati na betri mbili zilizokwisha moto, akatoa kitambaa kilichopigwa fundo. Ndani ya fundo mlikuwa na pesa ya shaba, pana kidogo kuliko sarafu yetu ya shilingi kumi, imeota ukijani kwenye kingo. Aliisogeza penye mwanga wa mlango. Mizani ilionekana wazi, na alipoigeuza, chini ya kidole gumba chake, mwaka: 1888.

Aliyeiokota ni mjukuu wake, wakati tingatinga likichimba silanga la maji nyuma ya boma lao, nusu saa kwa miguu kutoka barabara kuu pale Taru, Kinango, katika kaunti ya Kwale. Kwa muda ilikuwa ya watoto kuchezea. Kisha wakaja vijana wawili kwa pikipiki na mashine ya kupima chuma, hii inayoitwa detekta, wakaomba waruhusiwe kuipitisha shambani. Kitakachopatikana, nusu kwa nusu. Mzee akawaambia warudi baada ya mavuno. Akaichukua ile pesa kwa mjukuu, akaitia kwenye kopo. Siku niliyomtembelea alikuwa na swali moja tu.

"Mwanangu, wewe umesoma. Nikiipeleka hii makumbusho, kule Fort Jesus, jina langu litaandikwa?"

Wengi niliowasikia wakilijadili jambo hili huanza kwingine. Huuliza ina thamani gani, au kama mtu akiiweka ni mwizi, au nani atajua. Mzee alianza na jina. Nimeendelea kulifikiria swali lake hadi nikaamini kwamba yeye ndiye aliyelishika jambo penye mpini.

Anayepita Taru kwa basi huona vichaka, mbuzi na vumbi jekundu, akadhani nchi hii haijawahi kupitiwa na kitu. Kumbe ndiyo njia yenyewe. Misafara ya pembe na ya watumwa kati ya Mombasa na bara ilipita hapa kwa ajili ya ngurunga, yale mashimo ya mwambani yanayohifadhi maji ya mvua, kwa sababu mbele ya Taru zilikuwa ni siku za kiu. Penye maji ndipo watu hupiga kambi, na penye kambi ndipo vitu hudondoka: shanga, masango ya kununulia chakula, risasi za gobori, pengine na pingu. Miaka ya 1890 ikaja barabara ya magari ya ng'ombe ya kampuni ya Imperial British East Africa, iliyoongozwa na William Mackinnon, ambaye mji jirani bado unaitwa kwa jina lake. Pesa ya mzee ni ya kampuni hiyo; pesa hizo zilipigwa mahususi kwa ajili ya Mombasa.

Mwaka 1896 reli ikaanza kutandikwa kutoka Mombasa. Wahindi 31,983 waliletwa kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Mmoja wa watu wa reli, Seyyid Baghali Shah, kaburi lake liko Mackinnon Road kando ya njia ya treni, na hadi leo madereva husimama kwenye msikiti wake kuomba dua kabla ya kuendelea na safari. Baadaye ikaja vita ya 1914, reli ikawa shabaha ya vikosi vya Wajerumani vilivyovuka mpaka kuja kuilipua. Baada ya vita vya pili vya dunia jeshi la Uingereza likajenga bohari kubwa Mackinnon Road, na miaka ya 1950 mahali hapo pakawa kambi ya kuwafungia waliotuhumiwa kuwa Mau Mau. Ukiteremka kuelekea bahari unakutana na Mwele, ngome ya Mbaruk bin Rashid Mazrui, iliyovunjwa na Waingereza Agosti 1895, na Gazi, ambako Wajerumani walirudishwa nyuma Oktoba 1914. Chini ya hayo yote kuna Kwale ya kale zaidi: wafua chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo, ambao vyungu vyao, vilivyochimbuliwa na Robert Soper miaka ya 1960, vimelipa jina la Kwale nafasi katika vitabu vya akiolojia vya Afrika nzima.

Kwa hiyo detekta ikipitishwa Taru haikosi kulia. Hulia sana, tena kwa vitu vya nyakati tofauti vilivyolala karibu karibu.

Sheria yetu ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya 2006 inakiita kitu cha kale chombo chochote kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Kikiwa kimelala ardhini, ni mali ya Serikali. Atakayegundua mahali au kitu chenye umuhimu wa kiakiolojia anapaswa kuyaarifu Makavazi katika muda wa siku saba, aeleze ni wapi na amekipataje, na akikabidhi. Kuvitafuta, iwe kwa kuchimba au kwa kupekua juu ya ardhi, kunahitaji leseni. Vijana wa pikipiki, hata kama wangetoa nusu kwa uaminifu wa malaika, walikuwa nje ya sheria kabla hata ya kuiwasha mashine.

Huo mwaka 1895 hauniridhishi. Ndio mwaka Uingereza ilipotangaza himaya yake hapa, mwaka uleule wa Mwele. Kwa hesabu hiyo pesa ya mzee, ya 1888, ni kitu cha kale. Msumari wa reli wa 1898 si kitu cha kale. Risasi ya 1914 si kitu cha kale. Kikombe cha bati cha mfungwa wa Mackinnon Road, chenye namba iliyokwaruzwa kwa msumari, si kitu cha kale, isipokuwa Waziri atangaze vingine. Yaani saa ya urithi inasimama pale hasa ambapo mateso ya watu wanaokumbukwa bado kwa majina yanapoanza. Mjukuu wa mfungwa akimuuzia muuza vyuma chakavu kikombe cha babu yake kwa kilo, sheria haina la kusema. Mstari huu ulipaswa kusogezwa zamani.

Nirudi kwenye mashine, maana humo ndimo wengi wanamopotea. Detekta hutuma uga wa sumaku kutoka kwenye koili yake, na metali iliyo chini hujibu. Sauti hupanda au kushuka kulingana na aina na ukubwa. Haijui umri wala mwenyewe. Haijui kaburi. Haitofautishi kwa hakika pesa ya fedha na bomu la vita lisilolipuka, na penye historia ya jeshi hilo si la kufanyia mzaha. Zaidi ya yote, haisikii chochote kisicho metali: majivu, kigae cha chungu, mfupa, shimo la nguzo, rangi ya udongo iliyobadilika. Mchimbaji akisikia mlio hukata shimo moja kwa moja hadi kwenye mlio, na yote hayo mengine hugeuka kifusi. Akikuta mavi ya chuma, yale makapi ya tanuri, huyatupa kwa hasira kwamba mashine imemdanganya. Kumbe huenda ametupa ushahidi wa kiwanda cha miaka elfu moja na mia kadhaa iliyopita.

Tuchukue sarafu za Kichina. Mwaka 2010 timu ya Wakenya na Wachina ilipata Mambrui, karibu na Malindi, sarafu ya mfalme Yongle, aliyetawala China 1402 hadi 1424 na ndiye aliyemtuma amiri wa bahari Zheng He na majahazi yake. Miaka michache baadaye watafiti Chapurukha Kusimba na Sloan Williams wakapata nyingine kisiwani Manda. Sarafu za aina hiyo ziko tele duniani. Mkusanyaji huinunua kwa bei ya chakula cha mchana. Iliyotoka Mambrui ina uzito kwa sababu inajulikana imetoka Mambrui, katika tabaka fulani la udongo, pamoja na vigae fulani. Iondoe pale bila kuandika, nayo inarudi kuwa sarafu ya bei ya chakula cha mchana.

Au Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984: mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walipata sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za Fatimiya wa Misri. Kwa kuwa zilitoka pamoja, zilieleza kwamba karne ya 11 pwani hii ilikuwa na watawala waliopiga sarafu zao wenyewe, zenye majina yao na maandishi ya vina, na kwamba fedha hizo zilikuwa mfukoni kando ya dhahabu ya Misri. Zingechukuliwa na mtu mwenye mashine akaziuza mojamoja Zanzibar na Dubai, tungebaki na vipuli elfu mbili vya fedha na ujinga wetu.

Ndiyo maana nasema kosa kubwa halianzii kwenye kuweka au kutoa. Huanzia kwenye shimo. Mjukuu wa mzee hakuchimba. Tingatinga ndilo lililofukua, naye akaokota. Tofauti ya mwenye kuokota na mwenye kuwinda ni kubwa, na mjadala wowote unaowatia kapu moja unamwonea mtoto yule.

Kwa wengi wa pwani ya kusini, hata hivyo, Sheria ya 2006 si ya kwanza kuulizwa. Ya kwanza ni dini. Na hapa nimeona watu wakijisomea fungu moja na kuliacha la pili. Wamesikia kwamba hazina iliyozikwa, rikazi, hutolewa khumusi, sehemu moja kwa tano, na zinazobaki nne ni za aliyeipata. Wanaishia hapo. Lakini katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, rikazi ni dhahabu au fedha iliyozikwa na watu wa kabla ya Uislamu, tena ipatikane katika ardhi isiyo ya mtu au ardhi aliyeihuisha aliyeipata. Sarafu zenye jina la mtawala Mwislamu haziingii humo. Hizo zina hukumu ya lukata, mali iliyookotwa, na wapo wanavyuoni walioziita mali iliyompotea mwenyewe, ambayo mwenye mamlaka huihifadhi kwa niaba ya umma. Fedha za Mtambwe, au za Kilwa, au chochote cha aina hiyo kitakachotokea kesho Vanga au Msambweni, kinaangukia hapo. Anayejificha nyuma ya khumusi amekosea mlango.

Na hukumu ya lukata ni ipi? Kutangaza. Mwaka mzima, penye mikusanyiko ya watu, huku ukizihifadhi alama zake ili anayekuja kudai azitaje mwenyewe. Kwanza kutangaza, kisha ndiyo habari za umiliki.

Ukitoka msikitini ukaingia kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, utakuta mpangilio uleule. Ndani ya kaya hakuna mjadala: Kaya Kinondo hapo Diani mgeni hufungwa kaniki nyeusi na huambiwa mapema kwamba hatoki na kitu, hata jani. Kaya za Waduruma na Kinondo ni miongoni mwa zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, lakini ulinzi wake wa kweli ni wa zamani zaidi, wazee na chirapho, kiapo kinacholinda mali ya mtu na kumfuata aliyeichukua. Detekta kwenye kaya, palipozikwa fingo, ile dawa ya kuilinda kaya, ni uvunjaji, sitafuti neno jepesi. Nje ya kaya, kitu kisichojulikana mwenyewe hupelekwa mbele za wazee na kusemwa. Huwezi kukaa nacho kimya, kwa sababu huenda kimezikwa na mtu kwa nia yake.

Hata Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 268, inakaribia hapo kwa njia yake. Anayechukua mali iliyopotea hahesabiwi mwizi ikiwa alipoichukua hakumjua mwenyewe na aliamini kwa sababu za maana kwamba hawezi kupatikana. Pete ya mgeni wa hoteli iliyookotwa jana ufukweni Diani haimo humo. Mwenyewe labda bado yuko chumbani analia. Hilo ni jambo jepesi, na wale vijana wa ufukweni wanaorudisha pete kama hizo wanalijua vizuri kuliko mimi.

Ukiziweka pamoja, siku saba za Makavazi, mwaka wa lukata na baraza la wazee, zote zinakubaliana kwa jambo ambalo swali la "kuweka au kutoa" hulificha. Wajibu wa kwanza wa aliyeokota ni kusema. Kosa la kwanza ni kuficha. Uingereza mwaka 2019 wanaume wawili, George Powell na Layton Davies, walihukumiwa kifungo cha miaka 10 na miaka 8 na nusu. Mwaka 2015 walikuwa wamepata kwa detekta hazina ya wakati wa Waviking karibu na Leominster, sarafu zinazokadiriwa kufika 300, nazo zilizopatikana baadaye ni thelathini na kitu. Kupata hakukuwa kosa lao. Wangetangaza, sheria ya nchi ile ya 1996 ingewapa wao na wenye shamba malipo makubwa, kama ilivyokuwa kwa Terry Herbert aliyetangaza hazina ya Staffordshire mwaka 2009: ilithaminiwa pauni milioni 3.285, ikagawanywa nusu kwake na nusu kwa mwenye shamba. Waliofungwa walifungwa kwa kunyamaza, na historia ikapoteza mamia ya sarafu ambazo chache zilizobaki zimeonyesha urafiki wa wafalme wawili ambao vitabu viliukalia kimya.

Hapa ndipo mtu wa Taru atanisimamisha, na ana haki. Atasema, hao Waingereza walijua wakitangaza watapata nini. Mimi nikitangaza?

Swali hilo lina historia nzito. Ardhi hiihii ina sheria nyingine kwa vitu ambavyo havikutengenezwa na mkono wa mtu. Kijana wa Kuranze, huko huko Kinango, akikuta jiwe la kijani la tsavorite, Sheria ya Madini ya 2016 inasema madini ni mali ya Jamhuri, lakini inamfungulia mlango wa kibali cha mchimbaji mdogo, auze, ale. Akikuta pesa ya kale hatua kumi kutoka hapo, anapewa wajibu mtupu. Tanzania, Juni 2020, Saniniu Laizer alichimba Mererani vipande viwili vya tanzanaiti vya kilo 9.27 na kilo 5.1, akaviuza kwa serikali yake kwa shilingi bilioni 7.74, na rais akampigia simu hadharani. Watu walijifunza nini siku ile? Kwamba ukitoa, unaonekana. Lakini nchi hiyohiyo ilimngojesha Jumanne Ngoma, aliyegundua tanzanaiti mwaka 1967, hadi 2018 ndipo akapewa shilingi milioni 100 na kutambuliwa mbele ya watu. Alikufa mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Miaka 51 kati ya kugundua na jina.

Hapa kwetu Kwale mchanga wa titani ulichimbwa Maumba na Nguluku kuanzia 2013 hadi Desemba 2024. Sheria ya 2016 ilisema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 taifa, 20 kaunti, 10 jamii ya mahali. Watu waliingoja hiyo 10 mwaka baada ya mwaka, kanuni za kuigawa hazijawa tayari, huku meli zikipakiwa Likoni. Mzee wa Taru hana titani, lakini ana redio. Akisikia "ikabidhi, ni ya taifa," anasikia sauti aliyoizoea.

Na hofu yake si ya fedha tu. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alipiga picha, katika boma moja la Kakwakwani huko Kilifi, vigango viwili, nguzo za kumbukumbu ya ndugu wawili waliokufa. Muda mfupi baadaye viliibwa. Mwaka 1999 akakitambua kimoja katika picha za mkusanyiko wa makumbusho ya Illinois, na cha pili kikafuatiliwa hadi chuo kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote vilirudi, 2006 na 2007. Vingine vimefuata: Denver ilirudisha 30 mwaka 2019, Illinois ikarudisha 37 mwaka 2023. Lakini itazame tofauti. Viwili vya Kakwakwani vilirudi nyumbani kwa sababu palikuwa na picha, jina na boma. Vingi kati ya hivyo vingine vimerudi Kenya bila kujulikana ni vya kaburi lipi. Aliyeving'oa hakuandika, aliyenunua hakuuliza, aliyeweka kwenye kabati la kioo aliandika neno moja: Kenya.

Huko ni kuficha pia. Makumbusho inayopokea kitu na kukitia bohari bila jina la aliyekileta, bila kijiji, bila hata karatasi ya kumrudishia mleta, imefanya kosa la jamaa wa Leominster kwa njia ya heshima zaidi. Huu ndio ukweli ambao wanaohubiri kukabidhi hawapendi kuusema: wajibu wa kutangaza hauishii kwa aliyeokota, unahamia kwa aliyepokea, na huko unakuwa mzito zaidi maana yeye ana kalamu, kamera na mshahara.

Kwa upande mwingine siwezi kuwapaka mafuta wanaoweka. Wanaoweka kwa matumaini ya utajiri wamedanganywa. Uvumi wa rupia za Mjerumani unazunguka kutoka Songea hadi Voi. Msingi wake ni wa kweli: mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa, walipiga Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, zipatazo 16,198 tu, na wakusanyaji huzigombania. Kutokana na punje hiyo kumeota msitu wa uongo, hadi zebaki nyekundu inayosemwa kufichwa ndani ya cherehani za zamani. Watu wameuza mbuzi kununua detekta. Pesa ya mzee ya 1888 haiwezi kulipa karo ya muhula mmoja, na aliyemwambia vingine alitaka shamba lake.

Kuna pia wanaoweka kwa mapenzi, na hao nawaelewa zaidi. Mwaka 1944 mwanajeshi wa anga wa Australia, Morry Isenberg, aliokota sarafu tisa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi ile. Alizitia kwenye kopo. Mwaka 1979 ndipo alipozipeleka makumbusho ya Sydney, na ikagundulika kwamba tano kati yake zilikuwa za Kilwa, Kilwa yetu, maelfu ya maili kutoka nyumbani. Hakuwa mwizi, hakujua. Kwa bahati aliweka alama ya mahali kwenye ramani. Msafara wa watafiti ulirudi kule mwaka 2013 na hadi leo hakuna anayejua kwa hakika zilifikaje. Miaka 35 ndani ya kopo si kitu kwa sarafu. Kwa mahali ilipolala, kwa kumbukumbu ya mtu aliyeiona ikitoka mchangani, ni maisha mazima.

Kwa hiyo ningependa nini kwa Taru? Kwa aliyeokota, mambo machache: asichimbe zaidi, asisugue, aweke alama mahali, aite mashahidi wawili, apige picha, apeleke habari kabla hajapeleka kitu. Kwa anayepokea nina madai makubwa zaidi. Pawe na mtu Kinango, si Mombasa pekee, mwenye daftari la kupokelea, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha siku mbili, na kwa sababu watu hawaiogopi sheria kama wanavyomwogopa mtu wa kati ambaye kitu hupitia mikononi mwake na kisifike. Mleta aondoke na stakabadhi yenye muhuri na picha ya kitu chake. Zawadi iwepo, ijulikane mapema, hata ikiwa ndogo. Na kibao cha makumbusho kitaje kijiji na jina la aliyeleta, akiridhia. Uingereza, tangu 1997, wenye detekta huleta vitu vyao viandikwe na wengi hurudishiwa. Vilivyoandikwa vimepita milioni 1, na wale waliokuwa wakiitwa waporaji wamekuwa macho ya nchi. Sisi hatujafika pa kuzitawanya mashine, na naomba tusizitawanye. Lakini wale vijana wa pikipiki wanaijua Taru kwa nyayo. Wakipewa kazi ya kutembea mbele ya wanaakiolojia, kwa leseni na ujira, watakuwa na cha kupoteza wakificha.

Nilirudi kwa mzee baada ya mvua za vuli. Nilimwambia ukweli: kwamba sheria inasema ile pesa ni ya Serikali, kwamba ningekwenda naye Mombasa akitaka, na kwamba kuhusu jina ningelidai liandikwe mbele yangu lakini siwezi kumwahidi. Alifikiri. Akasema tutakwenda baada ya Jumatano, siku ya mnada wa mbuzi. Kisha akaniuliza kama ningependa kuona mahali penyewe.

Silanga lilikuwa limejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, ng'ombe wamejipanga kingoni. Nikatoa daftari. Yule mjukuu akasimama na kunyoosha mkono juu ya maji, nami nikaandika alivyosema: hatua arobaini kutoka mbuyu, upande wa machweo, kina cha mtu mzima, juu ya mwamba, palipokuwa na majivu meusi na vigae. Vigae vya namna gani? Vyekundu, akasema, vyenye mistari kama ya kucha. Mzee alinisomesha nilichoandika, kisha akatikisa kichwa. "Si mbuyu ule mwanangu. Ni huu wa huku. Futa."

Nikafuta, nikaandika upya.